Aliyeahidi siye mwenye kulipa

Kuanzia Aprili 2008 hadi uchaguzi wa Machi 2013, Waziri wa Leba wa Kenya alikuwa mbunge wa Turkana Kaskazini, John Munyes. Kakuma, mji pamoja na kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, ilikuwa ndani ya eneobunge lake. Kwa hiyo kila notisi ya mgomo iliyotolewa kisheria nchini katika miaka hiyo ilipaswa kupita kwenye meza ya mtu wa Turkana. Na notisi zilikuwa nyingi. Walimu waligoma Januari 2009, wakagoma tena Septemba 2011. Madaktari waliweka vifaa chini Desemba mwaka huo. Machi 2012 ikawa zamu ya wauguzi na wahudumu wengine wa afya, na ilipofika Septemba 2012 walimu, wahadhiri na madaktari walikuwa nje kwa wakati mmoja.

Wengi hueleza migomo ile kwa neno moja: pesa. Pesa ni kweli, ila haielezi kwa nini karibu kila mgomo uliisha kwa makubaliano yaliyozaa mgomo mwingine. Jibu la hilo, kwa maoni yangu, liko katika jinsi serikali ya muungano, ile ya nusu mkate, ilivyogawanywa. Mwalimu wa Kakuma na muuguzi wa Lodwar wana sababu ya kulielewa vizuri leo, maana nchi imerudi kuongozwa na mahasimu wa jana walioketi meza moja.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka mzozo upelekwe kwanza kwa Waziri wa Leba. Waziri ana siku 21 za kuteua msuluhishi, msuluhishi ana siku 30 za kupatanisha pande mbili, na mapatano yakishindikana chama kinatoa notisi ya siku saba kabla ya kugoma. Huduma za hospitali zimo katika orodha ya huduma muhimu, ambazo mizozo yake inatakiwa kwenda mahakamani badala ya barabarani. Kisha Katiba iliyoidhinishwa Agosti 2010 ikaweka haki ya kugoma katika Kifungu cha 41. Tangu hapo serikali imekuwa ikinukuu sheria, na vyama vikinukuu Katiba.

Utaratibu huu ulitungwa ukimfikiria mwajiri mwenye kiwanda: huku mwenye kiwanda, huku wafanyakazi, katikati serikali ikipatanisha. Mwajiri anapokuwa serikali yenyewe, anayemteua msuluhishi anaketi katika baraza moja la mawaziri na mshtakiwa. Ikiwa serikali hiyo nayo imegawanyika, mpatanishi anakuwa pia mwanachama wa kambi moja ya kisiasa. Munyes alikuwa upande wa Rais Mwai Kibaki. Hakuwa na uwezo wa kumwajiri mwalimu wala kumpa muuguzi shilingi moja. Kazi yake ilikuwa kupokea notisi na kuita mkutano. Nyongeza aliyoweza kuitangaza mwenyewe ni ya kima cha chini cha mshahara kila Mei Mosi, kama ile asilimia 12.5 ya mwaka 2011. Walimu wa serikali haikuwahusu.

Mwafaka wa kitaifa ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, baada ya Kofi Annan kupatanisha pande zilizozozania uchaguzi. Kibaki alibaki Rais, Raila Odinga akawa Waziri Mkuu mwenye jukumu la kuratibu na kusimamia shughuli za serikali, na mawaziri 40 wakagawanywa nusu kwa nusu kati ya PNU ya Kibaki na washirika wake, na ODM ya Raila. Ili nafasi zitoshe, wizara zilipasuliwa. Hapa ndipo mgonjwa wa Turkana alipoguswa, na nitakaa hapa kidogo.

Wizara ya Afya ilifanywa mbili. Huduma za Matibabu ilikwenda kwa Anyang' Nyong'o wa ODM, na hospitali kuanzia za wilaya kwenda juu zikawa chini yake. Afya ya Umma na Usafi ilikwenda kwa Beth Mugo wa PNU, akasimamia zahanati na vituo vya afya. Hebu fuata safari ya mama mjamzito kutoka manyatta ya karibu na Kakuma. Kadi yake ya kliniki inafunguliwa katika zahanati ya waziri wa PNU. Uchungu ukipita kiasi anaandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Lodwar, kama kilomita 120 kwa barabara iliyokuwa imejaa mashimo, na huko anapokelewa katika hospitali ya waziri wa ODM. Muuguzi aliyemwandikia rufaa na muuguzi aliyempokea walisomea taaluma moja na walipokea mshahara wa Hazina ileile, lakini sera zao zilitoka kwa wakubwa wawili waliokuwa wakitafuta kura za kuwashinda wenzao.

Wauguzi hao walipogoma Machi 2012, ilibidi wazungumze na nani? Nyong'o alikuwa na hospitali, Mugo alikuwa na zahanati. Masharti ya utumishi yalikuwa kwa Dalmas Otieno, Waziri wa Utumishi wa Umma kutoka ODM. Fedha zilikuwa Hazina Kuu, mikononi mwa PNU. Usuluhishi ulikuwa kwa Munyes. Milango mitano, kambi mbili. Kila mlango uliweza kusema, na kusema kweli, kwamba uamuzi uko kwa jirani. Ndani ya wiki moja ya mgomo serikali ilitangaza kuwafuta kazi wahudumu 25,000. Siku chache baadaye tangazo likazimwa na watu wakarudishwa kazini. Serikali yenye msimamo mmoja haitangazi kufuta watu 25,000 kisha ikanyamaza. Ile ilikuwa sauti ya serikali iliyokosa msemaji mmoja.

Katika siku kama hizo, mwenye nguo mbili za kubadilisha alitafuta kwingine. Lodwar na Kakuma kuna vituo vya afya vya Kanisa Katoliki, ikiwemo hospitali ya misheni ya Kakuma, na ndani ya kambi kuna hospitali ya mashirika ya misaada ambayo wenyeji nao huitumia. Mturkana anayeishi mbali na vyote viwili hana pa kwenda mgomo unapofunga zahanati ya serikali.

Kwa walimu jambo lilikuwa la zamani zaidi. Oktoba 1997, miezi miwili na kitu kabla ya uchaguzi wa Desemba, serikali ya Daniel arap Moi iliwapa walimu nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 pamoja na marupurupu, ikaitangaza katika gazeti rasmi la serikali. Ililipwa awamu ya kwanza, uchaguzi ukapita, na serikali ikasema mfuko ni mtupu. KNUT, chama cha walimu, haikuisahau karatasi ile. Kwa mwalimu wa Turkana ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa marupurupu ya mazingira magumu, yanayomsaidia kununua maji na kusafirisha familia mwisho wa muhula, ni sehemu ya hesabu hiyohiyo.

Mwaka 2011 dai lilikuwa ajira. KNUT ilitaka walimu 28,000 wapya waajiriwe na wale 18,060 wa mkataba waingizwe kwenye ajira ya kudumu. Wizara ya Elimu ilikuwa kwa Sam Ongeri wa upande wa Kibaki, na naibu wake mmoja, Ayiecho Olweny, alikuwa wa ODM. Hazina ilikuwa kwa Uhuru Kenyatta, na naibu wake alikuwa Oburu Oginga, kaka wa Waziri Mkuu. Kila meza ilikuwa na mtu wa kila upande, na ndiyo maana kila upande uliweza kuwaambia walimu kwamba wao wanawaunga mkono ila wenzao ndio wanaokwamisha.

Walimu walikuwa wameshaona mipaka ya Waziri Mkuu. Tarehe 14 Februari 2010 Raila alitangaza kuwasimamisha kazi mawaziri Ongeri na William Ruto, aliyekuja kuwa Rais, kwa miezi mitatu, ili tuhuma za ufisadi katika wizara zao zichunguzwe. Kwa Ongeri, tuhuma zilihusu fedha za elimu ya msingi bila malipo, yaani fedha za madarasa ya kina Kakuma na Lokichoggio. Siku hiyohiyo Kibaki alilifuta tangazo. Tangu siku ile chama chochote cha wafanyakazi kilichojadiliana na Waziri Mkuu kilijua kwamba kinajadiliana na mtu asiyeweza kumgusa waziri husika.

Mgomo wa Septemba 2011 ulitokea katika ukame mkali. Ndiyo miezi ambayo Wakenya walikuwa wakichanga kwa M-Pesa kuwanunulia watu wa Turkana chakula. Katika shule nyingi za huko mlo wa mchana ndio unaomfikisha mtoto darasani. Chakula cha msaada huwekwa stoo, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, vipimo vya mahindi na maharagwe huandikwa katika daftari kulingana na idadi ya watoto waliofika, ndipo sufuria inapobandikwa. Walimu wakigoma, mahudhurio hayaandikwi na stoo haifunguliwi. Nairobi mgomo wa wiki mbili ni wiki mbili za masomo. Turkana ni wiki mbili za masomo na za chakula pia. Simlaumu mwalimu kwa hilo. Ninalaumu makubaliano yaliyotiwa sahihi yakijulikana kwamba hayana fungu katika bajeti, maana yalihakikisha sufuria ile ingezimwa tena. Na ilizimwa: tarehe 3 Septemba 2012 walimu walitoka, wakakaa nje wiki tatu.

Anayesema serikali ile haikuweza kuafikiana juu ya fedha aangalie kilichofuata. Mwanzoni mwa Oktoba 2012, madaktari wakiwa ndio kwanza wanamaliza mgomo, wabunge wa pande zote mbili walipitisha kiinua mgongo cha shilingi milioni 9.3 kwa kila mmoja wao. Hapakuwa na kamati ya usuluhishi wala siku 21. Kibaki alikikataa baada ya wananchi kuandamana, na alifanya vyema. Lakini ilishaonekana kwamba mgawanyiko wa muungano uliwaumiza waliokuwa nje ya chumba peke yao.

Kuna wafanyakazi wa Kakuma ambao hata foleni ya milango mitano hawakuruhusiwa kuipanga. Mkimbizi anayefundisha katika shule ya kambi, anayetafsiri hospitalini au anayehamasisha usafi hapewi mshahara. Anapewa malipo yanayoitwa insentivu, madogo kuliko ya Mkenya anayefanya naye kazi dawati kwa dawati, kwa maelezo kwamba hana kibali cha kazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilimruhusu kuomba kibali, na ile ya 2021 iliyoifuata inamruhusu pia. Wanaokipata ni wachache mno. Hana kura, hivyo hakuna upande wa serikali unaomtafuta, na KNUT si chama chake. Manung'uniko ya watu wa insentivu yamekuwapo miaka yote ya kambi, na huishia katika ofisi ya shirika bila kufika kwa Waziri wa Leba, hata alipokuwa mbunge wa hapohapo. Nchi inayojadili haki za wafanyakazi wa Kakuma na kuwaacha hawa pembeni imejadili nusu ya jambo.

Tangu 2013 afya ni kazi ya kaunti, na hospitali ya Lodwar ni ya rufaa ya Kaunti ya Turkana. Mwajiri amesogea karibu, lakini sehemu kubwa ya fedha bado inatoka Nairobi na mara nyingi huchelewa. Tangu Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto amewaingiza viongozi wa ODM katika serikali inayoitwa jumuishi, na Machi 2025 UDA, chama cha Rais, na ODM wakatia sahihi hati ya ushirikiano. John Mbadi wa ODM ndiye aliyepewa Hazina. Gavana Jeremiah Lomorukai alichaguliwa kwa tiketi ya ODM, na mtangulizi wake Josphat Nanok alipewa kazi Ikulu kwa upande wa Rais. Baada ya kifo cha Raila mnamo Oktoba 2025, ODM yenyewe imevutana kuhusu kukaa au kutoka.

Tofauti na 2008 ni kwamba safari hii hakuna mwafaka uliowekwa kwenye Katiba wala cheo cha Waziri Mkuu. Kuna hati ya vyama viwili, isiyompa mfanyakazi chochote cha kushikilia mahakamani. Kufanana ni kwamba walioahidi wamekuwa wengi tena na mwenye kulipa haonekani. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 wakati wa korona walilala nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, mwaka 2025 huku serikali kuu na kaunti zikibishana ni nani awalipe. Wahadhiri walikaa nje siku 49 mwaka huohuo wakidai fedha za mikataba iliyokwisha kutiwa sahihi.

Viongozi wa matawi ya vyama Lodwar na Kakuma, mkiitwa tena kushuhudia makubaliano ya kurejea kazini, ombeni nakala kabla ya kupiga picha. Tazameni kama Hazina imetia sahihi, kama Tume ya Mishahara na Marupurupu imeidhinisha kwa maandishi, na kama kiasi kile kimo katika bajeti ya mwaka huu wa fedha, ukurasa gani na fungu gani. Ikiwa ni suala la afya, sahihi ya kaunti iwepo pia, na bunge la kaunti liwe limepitisha fedha hizo. Pasipokuwa na hayo, waambieni wanachama wenu ukweli hata kama viongozi wa pande zote mbili wameketi jukwaani wakitabasamu: fedha bado hazijatolewa.