Beki aliyejifunga, kisha akafunga

Tarehe 3 Mei 1980, uwanja wa Anfield ulifurika. Liverpool ilikuwa ikiunyemelea ubingwa wa Uingereza, na David Johnson alikwishaitanguliza mbele ya Aston Villa. Mara Avi Cohen, beki kutoka Israeli, akautumbukiza mpira kwenye lango la timu yake mwenyewe. 1-1.

Aliyewahi kucheza beki anajua uchungu wake. Mshambuliaji akikosa mabao matano, la sita humrudishia heshima. Beki huokoa kutwa nzima, akiteleza mara moja tu, hiyo ndiyo inayosimuliwa vijiweni mwaka mzima.

Cohen hakujificha. Kipindi cha pili kilipoanza alipanda mbele na safari hii akafunga langoni kwa Villa. Mchezo ukaisha 4-1, kombe likabaki Anfield. Katika mechi 24 alizoichezea Liverpool, hilo ndilo bao lake pekee.

Kocha wa Liverpool, Bob Paisley, alikuwa amemnunua mwaka 1979 kwa pauni 200,000 kutoka Maccabi Tel Aviv, na jina la Maccabi lina historia ndefu. Linatoka kwa Yuda Makabayo, yule shujaa anayesomwa katika vitabu vya Wamakabayo. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Kiyahudi Ulaya walidhihakiwa kuwa ni dhaifu, watu wa vitabu wasio na nguvu, na baadhi ya vyama vya mazoezi ya viungo viliwafungia mlango. Mwaka 1898 huko Basel, daktari Max Nordau aliwahimiza Wayahudi wajenge misuli. Vijana wakaanzisha vyama vyao, wakakimbia, wakaogelea, wakacheza kandanda. Mwaka 1921 vyama hivyo viliungana mjini Karlsbad kuwa Muungano wa Maccabi wa Dunia, na mwaka 1932 michezo yao ya kwanza ya kimataifa ikafanyika Tel Aviv.

Siwezi kuisoma historia hiyo bila kuikumbuka Hakoah ya Vienna, timu ya Wayahudi watupu iliyotwaa ubingwa wa Austria mwaka 1925. Miaka 13 baadaye Wanazi waliivunja. Kwa vijana wale mpira ulikuwa njia ya kusimama wima mbele ya watu waliotaka wainame.

Cohen alizaliwa Cairo mwaka 1956, mwaka wa vita vya Suez vilivyowafanya Wayahudi wengi waihame Misri. Akakulia Israeli, akawa Mwisraeli wa kwanza kuvaa jezi ya Liverpool. Waisraeli wenzake Ronny Rosenthal na Yossi Benayoun walipita baadaye katika njia aliyoifyeka yeye. Alirudi Maccabi, kisha mwaka 1987 Graeme Souness, mwenzake wa zamani, akamwita Rangers ya Scotland. Alipotundika daluga aliongoza chama cha wachezaji wa kulipwa wa Israeli, na hapo pia naona kazi ya beki: kuwakinga wenzake.

Desemba 2010 alipata ajali ya pikipiki, akafariki akiwa na miaka 54.

Miezi minne baadaye, 24 Aprili 2011, Bolton ilikuwa sare 1-1 na Arsenal, dakika zikiyoyoma. Kona ikapigwa. Mtoto wa Avi, kiungo wa Bolton Tamir Cohen, akaruka na kuupiga mpira kichwa hadi wavuni. Alipokimbia kushangilia aliinua jezi yake, na kwenye fulana ya ndani ilikuwapo picha ya baba yake.