Je, Wajua? Bwawa Huua kwa Mbali

Je, wajua kwamba mto Sondu, unaopita mpakani mwa Nyamira, hupata sehemu ya maji yake katika msitu anamoishi ndongoro? Huyu ni bongo wa mlimani, swala asiyepatikana porini popote ila Kenya, na waliosalia wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Msitu wa Mau ya Kusini-Magharibi ni mojawapo ya makao yake machache. Akikurupushwa, huinua pua na kulaza pembe mgongoni zisinaswe vichakani. Wengi wana mabaka yasiyo na manyoya mgongoni, pale ncha za pembe zinaposugua.

Itare ni mmoja wa mito inayoungana kuwa Sondu. Mwaka 2017 ujenzi wa bwawa ulianza juu yake, Kuresoi, ili maji yapelekwe Nakuru kupitia handaki refu. Mwaka 2018 kazi ikakwama. Wakazi wa bonde la Sondu walihofia mto kukauka, na walikuwa na haki. Ningependa ndongoro naye angekuwa na msemaji.

Je, wajua kwamba bwawa laweza kummaliza mnyama asiyewahi kuliona? Mbega mwekundu wa Tana na jamaa yake mangabei wa Tana, wote kima, wanaishi kwenye misitu ya kingo za Tana ya chini tu, kwingine duniani hawapo. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Miaka mitano baadaye, mamia ya kilomita juu ya mto, bwawa la Masinga likakamilika. Halikumzamisha mbega hata mmoja. Lilichofanya, pamoja na mabwawa mengine ya Tana, ni kupunguza mafuriko. Na msitu ule huishi kwa mafuriko: mto ukifurika huacha tope jipya, miche huota hapo, na maji yaliyozama ardhini hunywesha mizizi wakati wa kiangazi. Mafuriko yakipungua, mkuyu mzee huanguka bila mche wa kuurithi. Mashamba na mashoka yameukata msitu uliobaki vipande vipande, na mbega, anayetegemea matawi, hukosa njia ya kuvuka. Wapokomo, wanaolima kwa kufuata maji hayohayo, walipungukiwa pia. Kwangu, hili ndilo la kukumbukwa kila bwawa linapopangwa.

Je, wajua kwamba bwawa la Magwagwa, linalopendekezwa kwenye Sondu upande wa Nyamira, lingekuwa katikati ya Mau na Ziwa Victoria? Juu yake yuko ndongoro. Chini, mto unapoingia ziwani, wako viboko. Kwa Abagusii wa Bonchari kiboko, engubo, ni mnyama wa ukoo. Ngozi yake hupasuka juani, hivyo hushinda ndani ya maji yanayomfunika mgongo, na usiku ndipo hupanda ukingoni kula nyasi.