Injini iliyorudi kwao ina somo kwa walimu wa Kiswahili

Binamu yangu hukata miti na kupasua mbao. Kwa miaka mingi amekuwa akibeba msumeno wake wa mnyororo, au pawaso kama auitavyo mwenyewe, kutoka shamba moja hadi jingine kule kwetu Magharibi. Bega lake la kushoto lina kovu refu. Kovu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, ingawa kisa chenyewe kinaanzia mbali, katika gereji ya mzee mmoja huko Oregon, Marekani.

Nilikuwa masomoni wakati huo, nikitafuta shahada ya uzamifu katika isimu. Mzee huyo, jirani yangu, alikuwa amestaafu kazi ya kukata magogo. Kila Jumamosi alijifungia gerejini, na kwa kuwa nilikuwa mgeni asiyekuwa na pa kwenda, akanikaribisha. Juu ya meza yake palikuwa na injini kuukuu ya gokati, yaani kile kigari kidogo cha mashindano kisicho na bodi wala springi. Mzee alikuwa akiitumia kuunda msumeno wa mnyororo. Nilimwuliza kwa nini asinunue msumeno mpya dukani. Alitabasamu, akanijibu kwamba injini ile ilikuwa inarudi kwao.

Sikumwelewa hadi aliponieleza historia yake. Kampuni ya Robert McCulloch ilianza kuunda misumeno ya mnyororo mwishoni mwa miaka ya 1940. Mnamo mwaka wa 1956 fundi wa magari ya mashindano kule California, kwa jina Art Ingels, alichukua injini ya mashine ya kukatia nyasi akaifunga kwenye fremu ya mabomba, na hapo gokati ya kwanza ikazaliwa. Mchezo huo ulienea upesi. Waendeshaji wakawa wanatafuta injini nyepesi yenye nguvu nyingi. Je, ni injini gani nyepesi na yenye nguvu kuliko ile ambayo mtu huibeba mikononi kutwa nzima msituni? Mwaka 1959 kampuni ya McCulloch ikatoa injini iliyoitwa MC-10, ambayo kwa hakika ilikuwa injini ya msumeno iliyorekebishwa ili iendeshe gokati. Baadaye zikafuata nyingine kubwa zaidi, kama vile MC-101 yenye ujazo wa sentimita 123 za ujazo. Hiyo ndiyo iliyokuwa mezani kwa mzee.

Kwa hivyo msumeno uliukopesha mchezo injini, nao mchezo ukaitia makali ambayo haikuwa nayo. Miaka ilipopita na gokati zikahamia kwenye injini nyingine, zile za kale zilibaki katika mabanda zikipata kutu. Leo wapo wapenzi wa misumeno wanaozisaka, silinda hapa na pistoni pale, ili wazirudishe kwenye kazi ya ukataji. Baadhi hufanya hivyo kwa mapenzi tu ya vitu vya kale. Wengine hulenga mashindano ya wakata miti, kama yale yaliyoanzishwa na kampuni ya Stihl mwaka 1985, ambapo mshindani mwenye msumeno aliojiundia hukata visahani vitatu vya gogo kwa sekunde chache: mara kwa kushuka, mara kwa kupanda, kisha kwa kushuka tena.

Hata hivyo, kurudi kwao si sawa na kurudisha jembe lililoazimwa. Injini iliyozoea gurudumu haiwezi kutiwa kwenye msumeno vivi hivi. Kwanza, gokati hukimbia na upepo wa mwendo huipoza injini. Msumeno nao hukaa mahali pamoja. Mzee alilazimika kuirudishia feni na kifuniko cha kuelekeza hewa kwenye mapezi ya silinda, la sivyo pistoni ingevimba kwa joto na kukwama. Pili, gokati nyingi za mashindano za zama hizo ziliunganishwa moja kwa moja na gurudumu, na ndiyo sababu zilisukumwa ili ziwake. Msumeno wa namna hiyo ungekuwa balaa, kwani mnyororo wake usingetulia hata injini inapopumua polepole. Akaitia klachi. Tatu, mnyororo unaozunguka kwenye bapa huhitaji kulainishwa kila wakati; akaunda pampu ya mafuta. Kabureta pekee haikumsumbua. Ilikuwa ya kiwambo, isiyotumia boya, kwa hivyo injini iliweza kufanya kazi hata ikilazwa ubavu au kupinduliwa. Kila kipande kisichoingia mahali pake alikikereza kwa mashine hadi kikaingia.

Jambo la nne ndilo lililomchukua Jumamosi tatu nzima, nalo ni breki ya mnyororo. Misumeno ya miaka ya 1960 haikuwa nayo. Ilianza kuenea katika miaka ya 1970. Mzee alinieleza kuwa ncha ya bapa, hasa upande wake wa juu, ikigusa mti mnyororo unapozunguka, msumeno mzima huruka nyuma na kupanda juu kuelekea uso na bega la mwenye kuushika. Hutokea upesi kuliko mtu anavyoweza kuwaza. Breki ni mkono ulio mbele ya mpini: msumeno unaporuka, mkono huo husukumwa, ukanda wa chuma ukabana ngoma ya klachi na mnyororo ukasimama papo hapo. Mzee alisema kuwa injini yenye nguvu za mashindano bila breki ni zawadi ambayo hangempa hata adui yake.

Nilisikiliza yote hayo kwa Kiingereza, nikayaelewa kwa Kiingereza, na nikayahifadhi kwa Kiingereza. Wala haikunipitikia akilini kuwa nilikuwa nimebeba mzigo nisioweza kuutua nyumbani.

Miaka kadhaa baada ya kurejea nchini, nilipigiwa simu kuwa binamu yangu amelazwa. Msumeno wake, wa kisasa kabisa na wenye breki kutoka kiwandani, ulikuwa umeruka na kumpasua bega. Ilikuwaje breki isifanye kazi? Jibu lilinitia simanzi. Alikuwa ameufungua ule mkono wa mbele na kuuweka kando kwa sababu ulimzuia mahali pembamba. Alidhani ni kinga ya vijiti tu. Kitabu cha maelezo kilikuwepo, kimefungwa katika karatasi yake ya nailoni. Kilikuwa kimeandikwa kwa lugha kadhaa, na Kiswahili hakikuwa mojawapo. Binamu yangu alimaliza shule ya upili na Kiingereza anakisoma. Lakini neno lililotumika kwa hatari ile, hata kama angelipata katika kamusi, lingemwambia habari za mateke na nyuma, lisimwambie kwamba bega lake liko njiani.

Alipopata nafuu nilichukua kitabu kile nikaketi naye chini ya mwembe ili nimfasirie. Naona haya kukiri yaliyofuata. Mimi, daktari wa lugha, nilishindwa na ukurasa wa tatu. Nilipofika kwenye klachi nikaanza kusema habari za kani inayosukuma vitu kutoka kitovuni kuelekea nje. Binamu aliniangalia kwa huruma.

“Daktari,” akasema, “unamaanisha zile shuu za ndani? Hizo ni kama leso ya mchezaji ngoma. Akizunguka kwa kasi, leso inafunguka na kugusa walio karibu. Akipunguza mwendo, inashuka na kumwacha peke yake. Injini ikipiga mbio, shuu zinafunguka na kushika ngoma, mnyororo unaenda. Ukiachilia mafuta, zinajikunja, mnyororo unasimama.”

Sijapata kusikia maelezo bora ya klachi hiyo katika lugha yoyote. Nikamweleza kuhusu ncha ya bapa na jinsi msumeno unavyoruka. Alinyamaza kwa muda, akaligusa kovu lake, kisha akasema: “Basi hilo ni teke. Na huo mkono niliouondoa ni wa kuzuia teke.” Tangu siku hiyo hatujatumia neno jingine.

Msomaji mpendwa, hapa ndipo somo langu lilipo. Tumezoea kusikia kwamba Kiswahili hakina istilahi za ufundi. Dai hilo hutolewa na watu ambao hawajapata kuketi kwenye gereji kwa saa moja. Katika karakana za jua kali, kutoka Kamukunji hadi masoko ya mashambani, kila siku watu hufungua injini na kuzifunga, na hawafanyi hivyo kwa ububu. Wana pistoni na ringi, plagi na magneto, gasketi na beringi, tena wana vitenzi vya kuelezea kila kinachotendeka. Wapo watakaosema kuwa hayo ni maneno ya mkopo. Kweli, lakini parafujo na bomba tulivipata kwa Wareno, na gari kutoka Bara Hindi, na hakuna mwalimu anayevikataa katika insha. Isitoshe, lugha yetu ina kitenzi kereza na nomino keezo, vya wale waliochonga mbao kwa kuzizungusha karne nyingi kabla ya injini kufika pwani. Ni wanafunzi wangapi wa leo wanaovijua?

Neno la mkopo ni kama injini ya yule mzee. Haliwezi kuletwa vivi hivi. Lazima lipewe feni yake na klachi yake, yaani matamshi yetu, ngeli zetu, na mfano unaoeleweka na msikilizaji. Mafundi wameifanya kazi hiyo bila kulipwa. Kilichobaki ni sisi wa vyuoni na shuleni kwenda kuipokea.

Najua pingamizi moja itatoka kwa walimu wenye uchungu na mazingira: je, si misumeno hii iliyomaliza miti yetu, hata serikali ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma mwaka 2018? Sipingi. Ila mashine haipungui madhara kwa kukosa kutajwa. Vijana wetu wataishika, tuwe tumewafundisha au la. Afadhali waishike wakijua majina ya vitu vinavyoweza kuwaua.

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Shule za sekondari ya chini nazo, tangu mwaka 2023, zina somo la awali la ufundi, ambalo hufundishwa kwa Kiingereza. Sisubiri mtaala ubadilishwe. Namwomba mwalimu wa Kiswahili afanye jambo dogo ambalo halihitaji idhini ya yeyote. Badala ya insha nyingine kuhusu siku ya harusi, awatume wanafunzi kwa fundi wa baiskeli, wa pikipiki au wa cherehani, kila mmoja achague kifaa kimoja, aeleze kwa Kiswahili sanifu kinavyofanya kazi na kinavyoweza kumdhuru mtu. Kisha insha hiyo isomewe fundi mwenyewe. Akitikisa kichwa, mwanafunzi arudi akaandike upya. Huo ndio mtihani halisi wa lugha, na mimi niliwahi kuuanguka chini ya mwembe.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza. Binamu yangu hana shahada, lakini bila yeye nisingekuwa na ukurasa wa tatu.

Kazi ile ya kufasiri tuliimaliza. Ni kurasa kumi na mbili zilizoandikwa kwa mkono, na nakala zake zimewafikia wapasuaji mbao kadhaa wa kijijini. Ule mkono wa mbele umerudi kwenye msumeno wake. Nilipomtembelea mara ya mwisho, nilimkuta akimfunza kijana mmoja kazi. Kabla ya kuvuta kamba ya kuwasha injini, alimwamuru autie mkono kwenye breki, kisha akamwuliza kwa sauti ya mwalimu: “Teke linatokea wapi?” Kijana akaionyesha ncha ya bapa kwa kidole. Hapo ndipo binamu alipomruhusu kuuwasha.