Saa Iliniambia Niko Poa!

Washikaji, yamenikuta! Jumamosi hapa Kasulu nilikuwa nacheza mpira wa vinyoya na dada mmoja kutoka Kibondo. Moyo unadunda, macho yanaona giza, lakini saa yangu ya kisasa inasema mapigo 96 tu. Nikaiamini, nikakomaa. Mara puu, chini! Dada akanimwagia maji, watu wakacheka.

Kosa langu? Niliivaa mkono wa raketi, tena imelegea. Saa hizi humulika mwanga kwenye ngozi kusoma damu inavyopita, ikichezacheza, inadanganya. Ivae mkono mwingine, ikaze kiasi.

Ukihisi kizunguzungu, acha mchezo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo sekunde 15, zidisha kwa 4. Kizunguzungu kikigoma kuisha, nenda hospitali.

Dada, nakuja kulipa kisasi!