Maji ya Udhu Yasipotee Bure

Katika mitaa mingi ya pwani yetu, mama wa nyumba ndiye ajuaye thamani ya mtungi wa lita 20. Mfereji ukikauka, fedha ya kitoweo huenda kwa mwenye mkokoteni wa maji. Hata hivyo maji hayo, yakiisha kutumika mara moja tu, humwagwa katika shimo la choo au huachwa yakatuama uchochoroni, mbu wakazaliana na watoto wakayachezea.

Hasara haiishii hapo. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, yenye matundu mengi, na kinachoshuka shimoni hupenya upesi hadi kwenye maji ya chini. Kila ndoo tunayoiongeza shimoni yausukuma uchafu kuelekea kisima chetu au cha jirani, na kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo. Dini yetu yatukataza kudhuru, na jirani ana haki juu yetu.

Dawa yaanza kwa kutenganisha. Maji ya choo na yaliyofulia nepi yana najisi, nayo yabaki katika njia yake. Maji ya udhu ni mengine kabisa. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani, maji machache yaliyokwisha kutumiwa katika udhu wa faradhi ni tohara, ingawa hayatoharishi tena. Hatuwezi kuyatawadhia mara ya pili, lakini hakuna kizuizi kuyanyweshea mti.

Tuchukulie msikiti wenye waumini 100, kila mmoja akitumia lita 4 kwa udhu, mara tano kwa siku. Hizo ni lita 2,000 kila siku, ambazo ni mitungi 100. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, kiasi kisichotimia lita moja. Basi tupunguze kwanza, kisha tutumie tena yanayobaki.

Njia yenyewe ni nyepesi. Maji yapite kwanza katika kishimo kidogo cha kunasa nywele na povu, kisha katika pipa lenye kokoto kubwa chini, kokoto ndogo kati na mchanga uliooshwa juu. Yakitoka, yaelekezwe shinani mwa mgomba, mpapai au mndimu siku hiyo hiyo, kwani yakilala hunuka. Maji ya kuoga na ya kufulia nguo zisizo na najisi yaweza kufuata njia hiyo, ila yenye dawa ya kung'arisha nguo huunguza mimea. Yasimwagiwe dania, nyanya wala mboga ziliwazo mbichi. Mchanga nao uoshwe mara kwa mara.

Majitaka mazito yataka kazi kubwa zaidi, nayo si ngeni kwetu. Katika gereza la Shimo la Tewa, karibu na mkono wa bahari wa Mtwapa, mradi uliosaidiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, uliwekwa ili kusafisha majitaka kwa kinamasi cha kutengeneza, chenye kokoto na mimea, yasimwagike baharini kama yalivyo. Nao wanazuoni wakuu wa Saudia waliamua mwaka 1978 kwamba majitaka yakisafishwa kikamilifu hadi rangi, ladha na harufu ya uchafu zikaondoka, hurejea kuwa tohara. Pipa letu la mchanga halifiki daraja hiyo, na ndiyo sababu maji yake ni ya miti tu.

Twaziomba kamati za misikiti na madrasa, kila zinapojenga au kukarabati mahali pa kutawadhia, ziweke mabomba mawili, la choo mbali na la udhu mbali. Bomba la pili ni rahisi kulitia kabla saruji haijamwagwa, na ni ghali kulitia baadaye. Na akina mama, ambao ndio wabebao mitungi, waulizwe rai yao kabla ya fundi kuanza kuchimba.