Baada ya Mzani, Kikao

Mwishoni mwa mwaka 1983 Mkoa wa Iringa ulianza mradi wa lishe ambao hadi leo wataalamu duniani huutolea mfano. Fedha zilitoka Italia kupitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ikatia utaalamu wake, na vijiji vilivyoanza vilikuwa 168. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Ukizungumza na watu kuhusu miaka ile, kinachotajwa kwanza ni mzani. Unafungwa kwenye tawi la mti au boriti ya ofisi ya kijiji. Mtoto anavishwa kaptula yenye mikanda, anatundikwa, anarusha miguu na kulia, na mhudumu wa afya anasubiri mshale utulie ndipo asome kilo. Kisha nukta inawekwa kwenye kadi: kijani, kijivu au nyekundu. Mama asiyejua kusoma hahitaji kufafanuliwa nyekundu.

Lakini kliniki zilikuwa zikipima watoto miaka mingi kabla ya hapo, na mzani peke yake haujawahi kumshibisha mtoto. Nguvu ya Iringa ilikuwa katika yaliyofuata baada ya kaptula kuvuliwa. Kila miezi mitatu matokeo yalijadiliwa na wanakijiji wenyewe, katika kamati ya afya na serikali ya kijiji. Kikao kilijua ni watoto wangapi wako kwenye nyekundu, wanatoka kaya zipi, na kikajiuliza kwa nini.

Jibu mara nyingi halikuwa njaa. Iringa ni ghala la mahindi. Tatizo lilikuwa kwamba mtoto alilishwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi na usiku, kwa sababu mama alikuwa shambani kutwa nzima na mtoto amebaki na dada yake ambaye naye ni mtoto. Uji mzito humshinda mtoto mdogo. Ukiongezwa maji, tumbo lake linajaa kabla mwili haujapata unachohitaji. Hapo semina ya makundi ya vyakula haisaidii kitu, maana mama huyo anajua vizuri mtoto anapaswa kula nini. Amekosa saa za kumlisha. Na saa za mama ni jambo la kijiji kizima: kuwe na mahali pa kulelea na kulishia watoto wakati wa kilimo, uji ulainishwe kwa kimea, baba naye achote maji. Ndiyo maana wahudumu wa afya walichaguliwa na vijiji vyenyewe, na baada ya kupima walikuwa na mahali pa kwenda kusema.

Sasa tazama tulipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa taifa ni 30. Takwimu hizi haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na zile za zamani, kwa kuwa siku zile walipima kilo na udumavu hupimwa kwa kimo. Hata hivyo zinauma. Mahindi bado yapo, na mama bado yuko shambani kutwa.

Serikali haijalala. Mkataba wa Lishe ulisainiwa na wakuu wa mikoa mwaka 2017 na kusainiwa upya 2022, halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji imewekwa ifanyike kila robo mwaka. Haya ni mambo mema na ninayaunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni safari ya takwimu. Kijiji kinapima, karatasi inakwenda kata, wilaya, mkoa, mpaka Dodoma. Mkuu wa mkoa anaulizwa. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye anamjua baba wa mtoto na anajua shamba lao liko umbali gani, haulizwi. Tunaita siku ya kupima ushirikishwaji wa jamii, kumbe jamii imeshirikishwa kwenye kupanga foleni.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa walau kila baada ya miezi mitatu. Ratiba ya kupima ni hiyohiyo. Wenyeviti na watendaji wa vijiji, kabla karatasi haijapanda kwenda kata, isomeni kwenye mkutano huo. Semeni ni watoto wangapi, katika vitongoji vipi, bila kumwaibisha mzazi yeyote mbele ya watu, halafu wapeni akina mama nafasi ya kwanza ya kuzungumza.