Kufinyanga Unga Pamoja na Watoto

Leo tutafinyanga unga wa kuchezea.

Tayarisheni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, kijiko 1 cha mafuta ya kupikia, na maji. Changanyeni unga na chumvi. Tieni mafuta, kisha maji kidogo kidogo. Yasizidi kikombe 1. Kandeni kama unga wa chapati. Ukinata vidoleni, ongezeni unga. Ukipasuka, ongezeni maji.

Kwa nini chumvi nyingi hivyo? Chumvi huzuia unga usiote ukungu upesi. Lakini chumvi hiyo hiyo ni hatari: mtoto akila donge hili aweza kuugua sana. Unga mbichi nao huweza kuwa na vijidudu. Basi mtoto mdogo anayetia kila kitu kinywani asipewe. Wengine wachezeni nao, kisha wanawe mikono. Donge liwekeni katika kopo lenye kifuniko. Likiharibika, lifukieni, msiwatupie kuku wala mbwa.

Kufinyanga huvipa vidole nguvu ya kushika kalamu. Jioni hii viringisheni vijiti vya unga, mwandike jina la mtoto mezani. Yeye ataliona jina lake, nanyi mtakuwa mmesoma.